Kenya: Dereva wa lori anapokuwa pia mpagazi na karani mlangoni mwa duka

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, malori ya tani chache hupanga foleni mbele ya maghala ya Eneo la Viwanda jijini Nairobi. Hupakia unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni na soda. Mengi ya malori hayo hayatavuka mpaka wa Namanga wala wa Malaba; jioni yatarejea yalikotoka. Safari yake ni ya duka hadi duka, Eastleigh, Kawangware, Kayole, Rongai, na kilomita zinazosomeka mwisho wa siku ni zile ambazo dereva wa masafa marefu angezimaliza kabla ya kifungua kinywa. Hata hivyo, anayeteremka kwenye lori hilo jioni huteremka akijishika kiuno, kwa sababu mzigo wa lori zima umepita mikononi mwake.

Nchini Kenya, kama ilivyo hapa kwetu Tanzania, kazi hiyo huitwa udereva. Kwa kweli ni kazi tatu zilizofungwa katika ajira moja: kuendesha gari, kubeba mzigo, na kuhesabu mali inayokabidhiwa. Ya kwanza ndiyo inayotajwa kwenye tangazo la ajira, pamoja na leseni ya daraja la C1 au C na cheti cha tabia njema kutoka polisi. Ya pili huumiza mwili. Ya tatu, ambayo haizungumzwi sana, ndiyo inayopunguza mshahara.

Kwa nini mikono na si mashine

Katika maghala makubwa mzigo hupangwa juu ya paleti, yaani jukwaa dogo la mbao, na foklifti huinua paleti nzima mara moja. Ili utaratibu huo uufuate mzigo hadi dukani, duka lenyewe lahitaji kuwa na jukwaa la kupokelea lenye kimo sawa na sakafu ya lori, nafasi ya lori kurudi nyuma, na sakafu laini ya kusukumia toroli. Baadhi ya maduka makubwa yaliyojengwa ndani ya vituo vipya vya biashara yanavyo vitu hivyo. Lakini duka la jumla la River Road, la Nyamakima au la Kamukunji aghalabu liko chini ya ghorofa kongwe. Mlango wake unafungukia njiani, na stoo yake huenda ikawa ghorofani, ikifikiwa kwa ngazi nyembamba. Huko foklifti haina kazi.

Kuna pia hesabu ya mwenye lori. Paleti ina uzito wake, na juu na kando yake hubaki nafasi tupu. Anayelipia mafuta ya gari kwa kila safari hupendelea mzigo upangwe moja kwa moja sakafuni hadi karibu na dari. Ipo lifti inayofungwa nyuma ya lori ili kuteremsha mzigo taratibu hadi chini, lakini hugharimu fedha na hupunguza tani zinazoweza kubebwa, ilhali nguvu za mikono, katika mji wenye vijana wengi wanaotafuta kazi, hupatikana kwa ujira mdogo. Mashine haikosekani kwa sababu haijulikani. Inakosekana kwa sababu mgongo wa mtu ni wa bei nafuu kuliko mashine, na gharama ya mgongo huo ikija kulipwa, hailipwi na mwenye lori.

Katika miaka ya 2010 yalizuka makampuni yanayotumia simu za mkononi kuwafikishia wenye vibanda na maduka madogo bidhaa moja kwa moja. Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka 2014, ni miongoni mwa zilizovuma zaidi. Namna ya kuagiza ilibadilika sana. Namna ya kushusha haikubadilika, tena kwa upande mmoja iliongeza kazi, kwani maagizo madogo madogo maana yake ni vituo vingi zaidi kwa siku, na kila kituo ni kupanda na kushuka upya.

Tani saba kwa kila mtu

Chukua mfano wa lori lililopakiwa unga wa mahindi. Nchini Kenya unga huo husafirishwa kwa furushi la pakiti 12 za kilo mbili mbili, ambalo wafanyabiashara huliita beli. Beli moja ni kilo 24. Lori la tani saba hubeba takriban beli 290.

Mtu anayefikiri kwa haraka atasema kwamba watu wawili wakigawana mzigo huo, kila mmoja atabeba beli 145. Sivyo kazi inavyokwenda. Mmoja husimama ndani ya lori, akizitoa beli kutoka ndani na kuzisogeza hadi ukingoni. Wa pili husimama chini, akizipokea na kuzipeleka dukani. Kila beli hupita mikononi mwa wote wawili. Kwa hiyo kila mmoja wao huinua karibu tani saba, na hapo hatujahesabu kupakia ghalani asubuhi, wala kreti tupu za soda ambazo sharti zirudishwe juu ya lori.

Ni vipimo gani vya kupimia uzito huo? Mwaka 1967, Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha mkataba kuhusu uzito wa juu ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa, na pendekezo lililoambatana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima kuwa kiwango ambacho nchi zilihimizwa zisikivuke. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, ambayo kanuni yake ya kukokotoa uzito hutumiwa na wataalamu wengi, huanzia kwenye kilo 23, na hizo ni kilo za mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kimo chake ni cha kiunoni, mbebaji hajipindi na harudii mara nyingi. Kila kasoro hupunguza kiwango hicho. Ndani ya lori kasoro zote zipo kwa pamoja. Beli za juu ziko juu ya kichwa, za chini ziko miguuni, mtu hujipinda kila mara, na hurudia mara mamia. Beli ya kilo 24, ambayo kwa mtazamaji ni mzigo mwepesi ukilinganishwa na gunia la sukari la kilo 50, tayari imevuka mahali ambapo kanuni hiyo huanzia.

Hapa kwetu mjadala wa lumbesa umezoeleka, na Kenya nayo ilitoa kanuni mwaka 2019 kwamba viazi mviringo visifungashwe katika gunia la zaidi ya kilo 50. Lakini mijadala hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya kumtetea mkulima asipunjwe. Mabega ya anayebeba hutajwa kwa kupitia tu.

Utingo, au taniboi

Mtu wa pili katika lori ndiye tunayemwita utingo, na Wakenya humwita taniboi. Inasimuliwa kwamba jina hilo la Kikenya latokana na Kiingereza cha zama ambapo injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, na kijana aliyefanya kazi hiyo akabaki na jina hata baada ya swichi kuchukua nafasi yake. Agizo la serikali ya Kenya kuhusu mishahara ya kima cha chini, ambalo viwango vyake vilipandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, linamtaja taniboi waziwazi katika orodha ya kazi. Kwenye karatasi, basi, ni kazi inayotambuliwa.

Barabarani mambo ni mengine. Wengi wao hulipwa kwa siku, baadhi huchukuliwa langoni mwa ghala asubuhi na kuachwa jioni, na wapo wanaolipwa na dereva mwenyewe kutoka kwenye posho aliyopewa ya safari. Mtu wa namna hiyo anaweza kupanda lori lilelile kwa mwaka mzima bila jina lake kuandikwa popote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haikubaliani na hali hiyo: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja huhesabiwa kuwa ameingia katika ajira ya kulipwa kwa mwezi, pamoja na haki zinazoandamana nayo. Tatizo ni ushahidi. Asiyeandikwa atathibitishaje siku zake?

Hali ya utingo inamhusu dereva moja kwa moja, kwa sababu gharama inapobanwa, utingo ndiye wa kwanza kupunguzwa. Lori lililozoea utingo wawili hupewa mmoja, na pengo huzibwa na dereva. Hakuna barua inayoandikwa kumjulisha kwamba tangu leo yeye ni mpagazi. Anapofika dukani na kukuta mzigo ni mwingi, saa zinakwenda, askari wa kaunti, maarufu kama kanjo, wanakaribia, na mwenye duka anapiga kelele kwamba lori limeziba mlango, huvua shati na kuanza kubeba.

Huwezi kubeba na kuhesabu

Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Mali inapotoka ghalani, dereva hutia saini kwamba ameipokea kamili. Inapofika dukani, karani wa kupokea mizigo huihesabu upya, na mwishoni hati ya makabidhiano hutiwa saini na pande zote mbili. Kati ya saini ya kwanza na ya pili, mali iko mikononi mwa dereva. Ikipungua beli tatu, au katoni moja ya sabuni ikilowa, swali la kwanza huulizwa kwake.

Ndiyo maana dereva mzoefu, au 'dere' kama Wanairobi wanavyosema, husimama nyuma ya lori, akiwa na kalamu, akihesabu kila kinachoteremka na macho yake yakiwa pia kwa wapita njia. Katika mitaa yenye msongamano mtu huhitaji sekunde chache tu kunyofoa katoni kutoka kwenye lori lililoachwa wazi. Utingo anabeba, dereva anahesabu na kulinda. Utaratibu huo una mantiki yake, nao si uvivu kama baadhi ya wenye maduka wanavyodhani.

Sasa mwondoe utingo mmoja. Dereva anabeba beli mbili hadi stoo ya ndani. Anaporudi, hajui kama aliyekuwa juu ya lori ameteremsha tatu au nne. Karani naye anahesabu anavyoona yeye. Mwisho wa kazi hesabu ya duka inasema 287, ya ghala inasema 290, na hesabu ya dereva haipo. Kampuni iliyookoa ujira wa utingo mmoja kwa siku haipotezi chochote, kwa kuwa thamani ya beli tatu huandikwa dhidi ya mshahara wa dereva.

Je, sheria inaruhusu makato hayo? Kwa mipaka. Sheria ya Ajira ya Kenya inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea, lakini pale tu hasara ilipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuhusu upungufu wa fedha taslimu, uzembe au udanganyifu unatosha, ila tu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema bayana kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Tofauti hiyo ni muhimu kwa dereva anayekusanya malipo ya wenye maduka, na muhimu zaidi kwa yule asiyekusanya. Mzigo uliopungua kwa sababu mtu mmoja alipewa kazi ya watu wawili si rahisi kuuita kosa la makusudi. Tena, makato yote kwa jumla hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Wengi wanaokatwa hawajui kwamba maneno 'kosa la makusudi' yamo katika sheria, na wanaojua huogopa kuyataja.

Saa za usukani na saa za mabega

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, inakataza mtu kuendesha gari la biashara kwa zaidi ya saa nane kwa jumla katika muda wa saa 24. Kifungu hicho kililengwa kupunguza ajali zinazotokana na uchovu, na kwa dereva wa basi au wa lori la kwenda Busia kina maana kubwa. Kwa dereva wa kusambaza bidhaa madukani hakina maana karibu yoyote. Huenda akaendesha kwa saa nne tu kwa siku. Saa nyingine nane amezimaliza akisubiri kwenye foleni ya kupokelewa na akibeba. Akirudi usiku kupitia barabara ya Thika, mbele ya sheria ya trafiki bado ana saa nne za kuendesha.

Kwingineko saa hizo mbili zimeunganishwa. Nchini Marekani, dereva wa lori la mizigo linalovuka mipaka ya majimbo anaruhusiwa kuendesha saa 11, lakini haruhusiwi kushika usukani baada ya saa 14 tangu aanze kazi ya siku, na muda wa kupakia na kushusha huhesabiwa kuwa muda wa kazi. Katika Umoja wa Ulaya nako, kupakia na kushusha huingia katika hesabu ya saa za kazi za dereva kwa wiki. Misuli iliyochoka haijali kama ilichokeshwa na usukani au na gunia.

Sheria za kazi za Kenya, tofauti na za trafiki, huhesabu saa zote. Chini ya agizo la jumla la mishahara, wiki ya kawaida ni saa 52 katika siku sita, na ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa saa. Kwa kulinganisha, sheria yetu ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Lakini ili saa za ziada zilipwe ni lazima ziandikwe mahali, na mtindo wa kulipa dereva kwa safari, si kwa saa, huzifuta kabla hazijaandikwa. Duka likimchelewesha saa tatu mlangoni, anayepoteza ni yeye.

Mgongo hauna tarehe ya ajali

Kukaa muda mrefu kwenye kiti kinachotikisika, kisha kuinuka na kuanza mara moja kuinua vitu vizito, ni mchanganyiko unaojulikana kuwa hatari kwa sehemu ya chini ya mgongo. Wataalamu hushauri dakika chache za kutembea kabla ya kushika mzigo wa kwanza. Ushauri huo ni mzuri na haugharimu kitu, ingawa ni vigumu kuufuata huku karani ameshafungua mlango na malori mengine mawili yako nyuma.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumjeruhi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri kuwa na bima, na inampa mfanyakazi miezi 12 kuwasilisha dai lake. Zote mbili humsaidia vizuri aliyeangukiwa na gunia Jumanne saa nne asubuhi mbele ya mashahidi. Zinamsaidia kwa shida yule ambaye mgongo wake umechakaa kidogo kidogo kwa miaka sita, katika malori ya waajiri watatu.

Nani alipie kushusha?

Marekani ina kifungu katika sheria zake za usafirishaji kinachosema kwamba mtumaji au mpokeaji wa mzigo akitaka mwenye lori au dereva asaidiwe kushusha, ni jukumu lake kutoa msaidizi au kulipa gharama za msaidizi huyo. Na kumshurutisha dereva alipe watu wa kushusha ni kosa. Kifungu hicho hakijamaliza migogoro, lakini kimejibu swali ambalo Afrika Mashariki bado linaachwa mlangoni mwa duka lijibiwe na mwenye sauti kubwa.

Kenya imelikaribia swali hilo kwa njia nyingine. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Ushindani yanamzuia mnunuzi mwenye nguvu, kama mtandao mkubwa wa maduka, kumsukumia muuzaji gharama na hatari zinazomhusu yeye. Sheria hiyo inawalinda wenye viwanda dhidi ya wenye maduka. Haimtaji dereva, ambaye anasimama hasa katikati ya hao wawili.

Kinachobaki mkononi mwa dereva ni karatasi. Sheria ya Ajira inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, nalo ni jukumu la mwajiri kuuandaa, ukieleza pamoja na mengine kazi yenyewe ni ipi. Anayeitwa kwenye usaili, awe Mkenya au Mtanzania aliyepata kibali, anaweza kuuliza kabla ya kutia saini: kushusha ni kwa nani, utingo ni wangapi na analipwa na nani, vituo ni vingapi kwa siku, na mzigo ukipungua huhesabiwaje. Dukani nako, upungufu huandikwa kwenye hati ya makabidhiano kabla ya saini, pamoja na saa ya kufika na saa ya kumaliza kushusha. Nakala moja hubaki dukani, nyingine hurudi ghalani. Ya tatu, au picha yake iliyopigwa kwa simu, ni ya dereva.